Namna ya Kusoma Makaburi ya Kale Kwenye Viwanja vya Makanisa Uingereza

Nenda saa sita mchana, siku ya jua. Makaburi ya parokia za Uingereza kwa kawaida yamelazwa kichwa magharibi, miguu mashariki, na maandishi ya mawe mengi hutazama upande mmojawapo kati ya hizo mbili. Mchana jua liko kusini, basi mwanga hupita ubavuni mwa jiwe na kila herufi hutupa kivuli chake. Jiwe lililoonekana tupu asubuhi huanza kusomeka. Siku za mawingu, na huko ni nyingi, shika tochi pembeni kabisa mwa jiwe, karibu iliguse, na mwenzako azuie mwanga wa mbele kwa mwavuli. Mstari wa mwisho mara nyingi umemezwa na nyasi. Zipangue kwa vidole. Mimi hulala kifudifudi kabisa, wapita njia wakishangaa shauri yao.

Usilisugue jiwe. Nimeona watu na brashi za waya, chaki, hata povu la kunyolea ndevu, na roho iliniuma. Jiwe la chokaa likishabanduka uso, jina limekwenda na hakuna fundi wa kulirudisha. Madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa ni viumbe hai vinavyokua polepole mno, viache. Kwa kinyesi cha ndege, maji matupu na brashi laini vinatosha. Jiwe lililoanguka usilisimamishe: linaweza kukuponda, na katika Kanisa la Anglikana la Uingereza kazi kama hiyo huhitaji kibali cha dayosisi.

Kabla hujaisoma tarehe, mapambo yatakudokezea umri. Mawe ya kabla ya miaka ya 1600 ni nadra nje ya kanisa: wenye mali walizikwa ndani, maskini wakawekewa ubao au wasiwekewe kitu. Fuvu, mifupa iliyopishana na saa ya mchanga vinakupeleka mwisho wa miaka ya 1600 na mwanzo wa 1700. Kisha fuvu lenye mabawa linaota mashavu na kuwa uso wa malaika mtoto. Kuelekea 1800 utaona vyungu vya majivu na miti iliyoinama. Misalaba, ambayo ungedhani ndiyo ya kwanza, ilienea zaidi enzi za Malkia Victoria.

Huko kwenye miji ya Painswick na Burford utakuta masanduku makubwa ya mawe, mengi ya matajiri wa sufu na nguo. Ndani hamna mtu. Maiti iko ardhini, sanduku ni ganda tu. Usilikalie, maana vyuma vinavyoshika kuta vikipata kutu huvimba na kuzipasua. Mimi lakini moyo wangu uko Leicestershire, kwenye sleti ya Swithland, jiwe gumu la matabaka: herufi za miaka ya 1700 bado ni kali, unaona hadi mkia wa herufi uliochongwa kwa madaha tu.

Sasa tarehe, na hapa ndipo wengi huteleza. Kanisani Oxhill, Warwickshire, kuna jiwe la Myrtilla, mtumwa wa bwana mmoja wa kisiwa cha Nevis, huko Karibi. Linasema alibatizwa Oktoba 20 na kuzikwa Januari 6, 1705. Hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25, hivyo Januari hiyo kwetu sisi ni ya 1706. Yaani tangu abatizwe hadi azikwe haikufika hata miezi mitatu.

Zunguka pia utafute jiwe la miguuni, maana wachongaji hawakumaliza kila kitu kichwani. Henbury, Bristol, kaburi la Scipio Africanus, kijana mweusi aliyekuwa mtumishi, aliyefariki Desemba 21, 1720 akiwa na miaka 18, lina mawe mawili yenye malaika waliopakwa rangi nyeusi. La kichwani linataja jina la bwana wake. Shairi liko kwenye la miguuni. Jina alilopewa na mama yake halipo kwenye lolote.

Ukimaliza uwanjani, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Parokia ziliamriwa kuweka madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538, ingawa mengi ya mwanzo yamepotea. Kwa maziko ya Januari, Februari na Machi ya miaka hiyo ya kale, pekua miaka yote miwili. Karani mwema aliandika 1705/6 akakupunguzia kazi.