Kupima potenshali ya maji ya kiazi mviringo: zoezi la maabara kwa Kidato cha Tano na Sita

Potenshali ya maji ni kipimo cha msukumo wa maji kuhama: maji hutoka palipo na potenshali kubwa kwenda palipo na ndogo. Nalipenda zoezi hili kwa sababu halihitaji kemikali ya kuagiza. Sukari nyeupe ya dukani ni sukrosi karibu tupu, viazi viko sokoni, na kifaa pekee usichoweza kukikwepa ni mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, wanafunzi wameshaikariri tangu madarasa ya chini. Hapa waondoke na namba.

Hatua ya 1: Myeyusho mama. Pima gramu 342 za sukari, ziyeyushe katika maji kama nusu lita, kisha ongeza maji mpaka ujazo wote ufike lita 1. Usimwage sukari hiyo kwenye lita nzima ya maji: sukari nayo inachukua nafasi, na myeyusho utakuwa chini ya mola 1 kwa lita (hapa chini naandika “mola” tu). Tengeneza asubuhi ya siku ya zoezi, maana ukilaza huanza kuchacha. Lita hiyo inatosha makundi sita.

Hatua ya 2: Kuzimua. Kila kundi liandae bika sita za mililita 50: mola 0.0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0. Kwa mola 0.2, chukua mililita 10 za myeyusho mama na 40 za maji. Zilizobaki waachie wanafunzi wapige hesabu wenyewe.

Hatua ya 3: Kukata. Menya kiazi, kata vipande vyenye urefu wa sentimita 5, upana na unene nusu sentimita. Vipande vyote vya kundi vitoke kwenye kiazi kimoja. Ganda lisibaki hata kidogo, kwani huzuia maji kupita.

Hatua ya 4: Kukausha na kupima. Hapa ndipo matokeo huharibika. Vipande vitatu vina gramu kama 4 tu, hivyo tone la maji lililoganda juu yake linaonekana kwenye mizani. Viringisha kila kipande kwenye tishu bila kukikamua. Mtu mmoja akaushe vyote, kabla na baada. Mikono miwili tofauti hukausha kwa namna mbili tofauti.

Hatua ya 5: Kuloweka. Weka vipande vitatu kila bika, subiri saa moja. Kwenye mola 1.0 vitaelea, kwa sababu myeyusho ni mzito kuliko kiazi. Vigeuze mara kwa mara ili pande zote zilowe. Kisha toa, kausha, pima tena.

Hatua ya 6: Hesabu na grafu. Tumia asilimia ya badiliko, si gramu. Ongezeko la gramu 0.4 ni asilimia 10 kwa vipande vya gramu 4.0, lakini ni asilimia 12.5 kwa vya gramu 3.2. Chora asilimia dhidi ya ukolezi, halafu soma pale mstari unapokata sifuri.

Tuseme umekata kwenye mola 0.3, na maabara ina nyuzi 27 za Selsiasi, yaani kelvini 300. Sukrosi haigawanyiki kuwa ayoni, kwa hiyo zidisha ukolezi, kigezo cha gesi (8.31) na joto kwa kelvini, kisha weka alama ya hasi: −0.3 × 8.31 × 300 = −748 kPa. Bika iko wazi, haina shinikizo la ziada, hivyo hiyo ndiyo potenshali yote ya myeyusho. Na kwa kuwa uzito haukubadilika, ndiyo ya kiazi pia.

Wengi watasema kwamba kwenye sifuri hiyo shinikizo ndani ya seli nalo ni sifuri. Wabane hapo. Uzito kutobadilika kunaonyesha tu kwamba potenshali mbili zimelingana. Seli inaweza kuwa bado imejaa na kusukuma ukuta wake. Anayetaka hali ya shinikizo sifuri atumie ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu chini ya hadubini, atafute ukolezi ambapo katika nusu ya seli utando umeanza kuachana na ukuta.

Kundi likileta mstari ulionyooka kama rula, omba kuona daftari la vipimo vya awali kabla ya kutoa alama. Kundi lenye nukta moja iliyopotoka lirudie bika hiyo, kwa kiazi kilekile.