Asubuhi kabla ya hodi ya kwanza: namna ninavyoipanga

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, na banda langu liko ubavuni mwa nyumba ninayolala. Sina safari ya kwenda kazini, na kwa miaka hilo ndilo lililoniharibia asubuhi. Naamka, nashika simu, mtoto anataka chai, mteja anabisha hodi, na saa nne inanikuta na kanga ya kulalia. Nitakueleza nilivyotoka huko. Kama wewe ni mwalimu, muuza duka au mkulima, toa cherehani uweke kazi yako.

Hatua ya 1: Iandike asubuhi uliyonayo

Usipange chochote bado. Kwa siku tatu andika kwenye daftari saa uliyoamka, saa uliyoanza kazi ya maana, na kilichokaa katikati. Usijipendelee. Mimi nilikuta saa tatu nzima kati ya kuamka na kukata kitambaa cha kwanza, na simu peke yake imekula dakika hamsini.

Hatua ya 2: Tafuta pini

Kitambaa kisichobanwa pini kinateleza chini ya sindano, na ratiba ni hivyo hivyo. Tafuta jambo moja linalotokea kila siku upende usipende, ubane hapo. Kwangu ni adhana ya alfajiri. Uzuri wake inafuata jua: huku kwetu mwezi wa Novemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, Julai linachelewa hadi kama kumi na mbili na nusu, na adhana inasogea nalo. Jirani yangu ni Mkristo. Pini yake ni mwanawe wa sekondari anayetoka nyumbani saa kumi na mbili kamili. Kengele ya simu siipendi. Ukiizima, simu tayari iko mkononi.

Hatua ya 3: Anza usiku

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanaipangia asubuhi lakini usiku wanauacha ujiendee. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi. Basi hesabu kurudi nyuma: Novemba naamka saa kumi na nusu, kwa hiyo saa tatu na nusu usiku niwe nimelala. Julai napata nafasi ya kukaa barazani kidogo zaidi. Ukiamka mapema bila kulala mapema, deni hilo utalilipa mchana kwa kusinzia juu ya pedeli.

Kikombe cha mwisho cha chai ya rangi nakunywa alasiri. Kafeini, kile kitu cha kwenye chai kinachofukuza usingizi, huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo chai ya saa mbili usiku bado unayo ukiwa umejifunika shuka.

Kisha naandaa. Ndoo ya maji ya kuoga imejaa. Simu iko sebuleni, kwenye chaji. Na juu ya meza ya kukatia naacha kitambaa kimoja tu kimekunjwa, chaki juu yake, mkasi pembeni, na kikaratasi cha vipimo vya mwenyewe. Kimoja, si vitatu. Nikikuta vitatu nitasimama nikichagua, na kuchagua kunachosha kabla kazi haijaanza.

Hatua ya 4: Amsha mwili

Maji glasi moja, swala, kisha ufagio. Nafagia uwanja mzima, pamoja na chini ya mkorosho wa jirani unaotumwagia majani kana kwamba tumeagiza. Mgongo unanyooka, jasho linatoka kidogo, na kunapambazuka niko nje. Hilo la kuwa nje lina maana yake: mwanga wa asubuhi ukiingia machoni unairekebisha saa ya mwili, na saa hiyo hiyo ndiyo itakayokuletea usingizi usiku. Asiye na uwanja atembee mpaka barabarani na kurudi. Dakika kumi na tano zinatosha kuanzia.

Hatua ya 5: Kazi ngumu moja, kabla ya simu

Kwa fundi, kushona si kazi ngumu. Nashona huku napiga soga, redio inalia, watoto wanagombana. Ugumu uko kwenye kukata, maana ukishapitisha mkasi hakuna kurudi. Kwa hiyo nakata alfajiri, dakika arobaini, kabla joto halijapanda na kabla ya hodi ya kwanza.

Nilijifunza kwa hasara. Ulikuwa msimu wa korosho, pesa imeingia mikononi mwa watu, harusi na ngoma za unyago zinafuatana, na kila ukoo unataka sare. Mama mmoja aliniletea kitenge kilichobana, cha kutosha gauni tu. Sikuweza kukikunja, nikawa nakata mkono mmoja mmoja. Baada ya wa kwanza simu ikalia ujumbe, nikasoma, nikajibu, nikarudi kwenye kitambaa bila kuigeuza ile karatasi ya kukatia. Nikapata mikono miwili yote ya kulia. Nilizunguka sokoni siku mbili natafuta kitenge cha maua yale, sikukipata.

“Shikamoo mama,” nilimwambia alipokuja, “gauni lako litakuwa na mikono ya rangi nyingine.” Aliitikia marahaba, akalitazama, akasema, “Fundi, mimi ndiye mama wa bwana harusi.” Basi.

Tafuta “kukata” kwako ni kupi: mahesabu ya duka, andalio la somo, barua unayoikwepa. Kukae hapo.

Hatua ya 6: Chai, halafu simu

Mihogo ya kuchemsha, au ming'oko, ile mizizi ya porini, ikiwa msimu wake, au uji wenye karanga. Kula umekaa. Simu baadaye.

Hatua ya 7: Ipe muda, na uwe na toleo fupi

Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali kuwa ndizo za kujenga tabia zisikutishe. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliotoka mwaka 2009, uliona kwamba tabia mpya ilizoeleka kwa wastani wa siku 66. Wengine iliwachukua 18 tu, na kwa mwendo wao wengine ingefika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Ndiyo maana nina toleo fupi la siku mtoto akiugua au nikilala msibani: maji, na kukata kipande kimoja, hata kola tu. Ramadhani naipanga upya yote. Nikishakula daku na kuswali sirudi kitandani, nakata pale pale. Ufagio unasubiri jioni, na usingizi uliopungua naufidia baada ya adhuhuri, mlango wa banda nikiwa nimeurudishia na kanga nimeitundika juu yake. Wateja wangu sasa wanaijua hiyo kanga.