Namna ya kupanga mlo katika ukoo wenye asili ya unene

Katika familia nyingi husikika kauli kwamba "unene wetu ni wa ukoo", na kauli hiyo ina ukweli zaidi kuliko wanavyodhani wanaoicheka. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu waliolelewa na wazazi wa kuasili, yaani wasiowazaa, nchini Denmark, wakaona kwamba miili yao ya utu uzima ilifuata ya wazazi waliowazaa, wala haikufuata ya wale waliowalisha. Miaka minne baadaye, huko Quebec nchini Kanada, jozi 12 za vijana pacha wanaofanana walipewa kilokalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita za kila wiki, kwa muda wa takriban miezi mitatu. Wote waliongezeka uzito, lakini aliyeongezeka kidogo kabisa alipata kilo 4 hivi na aliyeongezeka sana alipita kilo 13, huku kila pacha akikaribiana na mwenzake. Chakula ndicho kilichowanenepesha wote, na jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kutoka kwa wazazi, ndizo zilizoamua kila mmoja anenepe kwa kiasi gani. Mwongozo huu unahusu sehemu iliyo mikononi mwetu, yaani chakula, na jinsi ya kukipanga kwa kuzingatia namna jeni zinavyofanya kazi.

Jeni inayofahamika zaidi katika jambo hili ni FTO, ambayo uhusiano wake na unene ulitangazwa mwaka 2007. Mtu aliyerithi aina yake yenye hatari kutoka kwa baba na kwa mama pia huwa na uzito unaozidi kwa wastani wa kilo 3 ule wa mtu asiyeirithi kabisa. Kilo 3 si kilo 30, na hapo ndipo wengi wanapokosea wanapoitwisha jeni mzigo wote. La muhimu zaidi ni namna jeni hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu ushahidi mwingi unaelekeza kwenye hamu ya kula, ambapo shibe huchelewa na mtu huvutwa zaidi na vyakula vyenye nishati nyingi. Tangu wakati huo yamepatikana mamia ya maeneo mengine ya vinasaba yanayohusiana na uzito, na mengi yake hufanya kazi katika ubongo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuketi mbele ya sufuria moja, mmoja akatosheka kwa sahani moja na mwingine akabaki na njaa ya kweli, wala huyo wa pili asiwe mlafi.

Hatua ya kwanza ni kuijua familia yako. Uliza nani alinenepa, akiwa na umri gani, akiishi wapi na akifanya kazi gani, na uliza pia kuhusu kisukari na shinikizo la damu. Usiridhike na jibu kwamba babu alikuwa mwembamba, kwani babu aliyelima kwa jembe la mkono na kwenda sokoni kwa miguu angeweza kubeba jeni hizo hizo bila kuonyesha dalili yoyote. Watu wa jamii ya Pima wanaoishi Arizona, Marekani, wana viwango vya juu sana vya unene na kisukari, ilhali ndugu zao wa asili moja katika kijiji cha Maycoba, Mexico, walipochunguzwa wakati bado wakitegemea kilimo cha mikono na vyakula vyao vya shambani, walikuwa na unene mdogo zaidi kwa mbali. Ndiyo maana mjomba aliyehamia mjini akapata kazi ya kuketi anaweza kukueleza mengi kuhusu damu yenu kuliko babu.

Kisha jipime. Uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe hutoa uwiano ambao ukifika 25 huhesabiwa kuwa uzito uliozidi, na ukifika 30 huhesabiwa kuwa unene uliokithiri. Kwa kitambi, uzi unatosha: ukate uzi wenye urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini, ukunje katikati uwe nusu, kisha uuzungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu baada ya kutoa pumzi. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu wako, nacho ndicho kipimo ambacho wataalamu wengi hushauri kisivukwe.

Huna haja ya kununua kipimo cha vinasaba kinachoahidi kukuchagulia chakula. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018, watu wazima 609 walifuata kwa mwaka mzima ama mlo wenye mafuta machache ama mlo wenye wanga kidogo, na jeni zao hazikuonyesha ni nani angefanikiwa kwa mlo upi. Uchambuzi mwingine wa majaribio kadhaa, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wenye aina ya hatari ya FTO hupungua sawa na wengine wanapobadilisha mlo na mazoezi. Kwa maoni yangu, fedha hizo zingenunua mboga na dagaa wa mwezi mzima.

Kwenye mlo wenyewe, anza na vinywaji. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2012 uligundua kwamba athari ya jeni za unene ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokunywa kinywaji chenye sukari kila siku kuliko kwa wale ambao hata mara moja kwa mwezi hawakufikisha. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Lakini soda hulaumiwa peke yake isivyo haki, kwa sababu vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja huipita. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, ulimi ukizoea punguza nusu nyingine, na kopo la sukari libaki jikoni badala ya mezani. Juisi ya ukwaju au ya embe inayotiwa sukari nyumbani nayo ihesabiwe.

Baada ya vinywaji hufuata mafuta, ambayo gramu moja yake ina kilokalori 9, huku wanga na protini zikiwa na 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori zipatazo 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu humimina vijiko vitano kabla kitunguu hakijaanza kukaangika. Acha kumimina, pima kwa kijiko. Chapati, mandazi na chipsi virudi kuwa chakula cha siku maalumu, na kwa wapishi wa pwani, maharage na mboga zipikwe kwa tui jepesi, kwa kuwa tui zito ndilo lenye sehemu kubwa ya mafuta ya nazi.

Kwa kuwa shibe huchelewa, mlo na uisaidie. Mboga za majani na maharage, choroko au samaki viliwe mwanzoni na viwe vingi, ugali au wali ufuate. Pakueni jikoni, sufuria isije mezani, na anayetaka kuongeza asubiri dakika 15 au 20. Sinia la pamoja lina heshima yake, lakini hakuna anayejua amekula kiasi gani, kwa hiyo liwekwe kwa sikukuu na wageni. Punguzeni pia soseji, biskuti na tambi za pakiti: katika jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019, watu 20 waliopewa vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipokula vyakula visivyosindikwa, ingawa waliruhusiwa kula watakavyo katika vipindi vyote viwili.

Mwendo nao una nafasi yake, kwani uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 200,000, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa athari ya FTO ni ndogo kwa zaidi ya robo miongoni mwa wanaoushughulisha mwili.

Mabadiliko haya yafanywe kwa sufuria ya nyumba nzima. Mtoto anayepewa chakula chake pembeni huku ndugu zake wakila chapati, na juu ya hayo akiitwa kibonge, hujifunza kula kwa siri. Bibi au shangazi anayesisitiza "ongeza kidogo, mwanangu" aelezwe kwa adabu na kwa faragha, mapema kabla ya siku ya kutembelewa.

Hali moja haifai kushughulikiwa kwa mlo peke yake, nayo ni ya mtoto anayekuwa mnene kupita kiasi kabla ya kutimiza miaka mitano, asiyeshiba, anayelilia chakula usiku na mchana. Baadhi ya watoto hao wana hitilafu katika jeni moja, kama vile MC4R, au hawatengenezi leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba mwili una akiba. Mwaka 1997 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliokosa homoni hiyo, na mmoja wao alipoanza kudungwa leptini njaa ilipungua na uzito ukashuka. Hali hii ni nadra sana, lakini mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa watoto, na mzazi abebe kadi ya kliniki inayoonyesha uzito wake tangu kuzaliwa, kwa kuwa daktari atataka kuona ni mwezi gani mstari ulipoanza kupanda.