Kuuguza uvimbe wa ngozi uliotokana na saratani ya tumbo

Saratani ya tumbo huenea hadi kwenye ngozi mara chache. Ikifika huko huonekana kama vinundu vigumu, mara nyingi visivyouma, hasa tumboni na kitovuni. Kinundu kigumu kitovuni kwa mtu anayekonda na kushiba upesi kisidhaniwe kuwa jipu au ngiri. Usikikande, usikitumbue, usikichanje. Mpeleke hospitali akatwe kipande kidogo cha kupimwa. Kipande hicho hutiwa kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama ya mwili isioze) ya asilimia 10, si maji ya chumvi, ambamo kitaanza kuoza kabla ya kufika maabara. Ulizia pia kipimo cha HER2 (protini iliyo kwenye seli za saratani), maana majibu yake yanaweza kubadili dawa.

Kinundu kikipasuka kuwa kidonda, kazi kubwa ni harufu na damu. Mpe mgonjwa dawa yake ya maumivu nusu saa kabla ya kumsafisha. Chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha lowesha bandeji ya zamani mpaka iachie yenyewe. Ukiibandua ikiwa kavu utamtoa damu, kwa sababu mishipa ya uvimbe ni dhaifu mno. Osha kwa kumimina, bila kusugua.

Harufu hutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Kwa kibali cha daktari, saga vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria hao, unyunyize unga wake kwenye kidonda kila unapobadilisha bandeji. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Isipokoma, nendeni hospitali mara moja.