Kuandaa Vigari vya Reli vya Kidijitali Nyumbani

Vigari hivi ni magari madogo ya mashindano ya kuchezea, yanayokimbia kwa umeme wa reli nyembamba zilizo kwenye njia yake. Kabla ya kununua kigari cha pili, chagua mfumo wa kampuni moja, kwa kuwa chipu (kifaa cha kielektroniki cha kuongozea kigari) ya Carrera haisomwi na njia ya Scalextric, hata kama vigari vyote viwili ni vya kipimo cha 1:32.

Hapa Unguja adui mkubwa ni hewa ya chumvi, ambayo huacha utando kwenye reli. Zifute kwa kitambaa kikavu kila kabla ya mashindano. Kisha geuza kigari, uzichanue kwa sindano zile nyuzi za shaba zinazochukua umeme, zilizo chini ya pua yake, na uzilaze nyuma kidogo ili ziguse reli bila kukinyanyua.

Matairi ya nyuma yazungushwe polepole juu ya msasa laini mpaka yawe duara kamili. Sumaku iliyo chini ya kigari, inayokivuta kwenye reli, mimi huiondoa, japo wanangu hulalamika kwamba kigari huteleza konani.