Ukitaka mafunzo ya kemia ya kitabibu Marekani baada ya PhD

Kemia ya kitabibu ni kazi ya maabara ya hospitali: kupima kemikali za damu za wagonjwa. Kwanza, hakikisha programu unayoiomba imeidhinishwa na ComACC, tume inayokagua mafunzo haya Marekani na Kanada. Kwa kawaida ni miaka 2. Usilipuuze hili, maana ithibati hiyo hukurahisishia njia ya mtihani wa ABCC, bodi ya Marekani ya kemia ya kitabibu.

Barua ya maombi iwe fupi. Machapisho yako yamo kwenye wasifu; mimi nikisoma barua namtafuta anayemfikiria mgonjwa aliye nyuma ya namba.

Kwenye usaili jiandae kupewa kisa. Ninachokipenda: potasiamu ya damu 9, kiwango cha kutishia maisha, kalsiamu imeshuka mno, na mgonjwa amekaa anapiga soga. Usikimbilie kulaumu figo! Uliza damu ilichukuliwaje. Huenda mtu aliimimina kwenye kichupa hiki kutoka kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Humo mna EDTA ya potasiamu, dawa ya kuzuia damu isigande: potasiamu inapanda, EDTA inaikamata kalsiamu, na fosfatesi ya alkali, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, nayo inashuka. Zuia majibu, mpigie daktari, omba sampuli mpya, kisha andika ulichofanya na saa. Simu hiyo ipige mwenyewe. Ukiwa zamu, nyingine kama hiyo haiko mbali.