Mbao gani kwa kazi gani: kiini, weupe na ukavu kabla ya jina la mti

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Bwana shamba, mbao gani haziliwi na mchwa?" Muulizaji anataka jina moja tu, aende akanunue. Nami humrudishia maswali. Mbao hizo zitakaa wapi, ndani penye ukavu au nje kwenye mvua? Zitagusa udongo? Zitabeba mzigo, au ni za kupendezesha macho? Maana mninga uliopasuliwa upande wa weupe huliwa kama mti mwingine wowote, na paini ambayo watu huidharau, ikitiwa dawa sawasawa, hukaa darini miaka na miaka bila kuguswa.

Tazama gogo lililokatwa karibuni, upande wa kichwa. Pembezoni, chini ya gome, kuna duara la rangi hafifu. Hilo ndilo weupe. Ni sehemu iliyokuwa ikipandisha maji wakati mti ungali hai, na katika miti mingi ya mbao ngumu imejaa wanga, chakula anachokitafuta bungua, mdudu atoboaye mbao. Katikati ndipo kiini kilipo. Seli zake zimekwisha kufa na mti umezijaza kemikali zake wenyewe. Hizo ndizo zinazokipa kiini rangi, na ndizo zinazowafukuza wadudu na kuzuia ukungu wa kuozesha. Kwa hiyo kila sifa ya "mbao hii haiozi" inakihusu kiini peke yake. Hakuna mti, hata uwe na jina kubwa namna gani, ambao weupe wake unastahili kuachwa bila dawa.

Somo hili nililipata kwa gharama. Niliwahi kutengeneza rafu ya vitabu kwa mninga, nikaacha ukanda wa weupe pembeni kwa sababu nilipenda rangi mbili zikikaa pamoja. Haukupita mwaka nikaanza kuona vumbi laini kama unga sakafuni. Kiini kilikuwa kizima kabisa. Ukanda wangu wa mapambo ulikuwa umetobolewa kama chujio.

Mninga wenyewe, kitaalamu Pterocarpus angolensis, ni mti wa misitu ya miombo. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na pengine hapo ndipo heshima yake ilipoanzia. Fundi anaupenda kwa jambo lisiloonekana kwa macho: husinyaa kidogo sana unapokauka na hautikisiki majira yanapobadilika. Mlango wa mninga uliokaushwa vizuri haukwami masika wala haulegei kiangazi. Si mzito mno, mita moja ya ujazo ikiwa kavu ina takriban kilo 600, hupigwa randa vizuri na hupokea vanishi. Ila vumbi lake huwasha pua na koo za baadhi ya watu, hivyo barakoa isikosekane.

Mkongo, ambao pwani wengine huuita mbambakofi, ni mzito kuliko mninga na hustahimili mvua na mchwa zaidi. Ni mti wa fremu za milango ya nje, vizingiti, ngazi na vyombo vya baharini. Ugumu wake humchosha fundi: misumari haiingii bila kutoboa kwanza kwa keekee. Kiini chake pia kina rangi ya njano inayoweza kuchuja kikilowa, kwa hiyo si mti wa kabati la nguo mahali penye unyevunyevu.

Mvule nao ni wa daraja hilohilo. Ukitoka kwenye msumeno huwa wa manjano. Ukikaa kwenye mwanga hugeuka kahawia, basi usikatae ubao kwa sababu rangi yake haifanani na ya mlango wa zamani. Ndani ya mvule hutokea vijiwe vya chokaa ambavyo mti wenyewe huvitengeneza, hasa palipopata jeraha. Havionekani kwa nje, na meno ya msumeno yakikutana navyo huisha papo hapo. Ukisikia sauti ya msumeno inabadilika ghafla, simamisha mashine. Vumbi lake linaweza kuleta pumu na kuwasha ngozi kuliko la mninga.

Mtiki, au msaji, una mafuta ya asili ndani yake, ndiyo maana umetumika kwa sitaha za meli tangu zamani. Madirisha, viti vya bustani, meza zinazolala nje: hapo ndipo mahali pake. Lakini mafuta hayohayo huikataa gundi. Piga randa kisha ugundishe siku hiyohiyo, usingoje kesho. Kuna pia chembe za mchanga ndani ya mbao zake zinazofanya visu vya randa viwe butu mapema. Jambo la kuangalia zaidi ni umri. Mtiki uliovunwa mdogo kwa sababu ya haraka ya pesa huwa na weupe mwingi na kiini chembamba, na anayeununua kwa jina lake hupata nusu ya alichokitarajia.

Mkangazi ni mwepesi kidogo kuliko hao, mwekundu, na unang'aa ukipigwa msasa. Ni mti wa vitanda, makabati na paneli za ndani. Nyuzi zake hupishana, safu moja huku na nyingine kule, hivyo randa isiyo kali huzing'oa badala ya kuzikata. Usiuweke ardhini, kiini chake kinastahimili kwa kiasi tu. Mpingo nautaja kwa ufupi: una zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, huzama majini, na magogo yake ni madogo na mara nyingi yamepinda. Kazi yake ni vinyago, zumari na klarineti. Kuutafutia kitanda ni kuuonea.

Sasa nije kwenye miti ambayo wakulima wengi wanayo shambani, maana hao niliowataja hukua taratibu, na wale wa misitu ya asili huhitaji kibali kabla ya kuguswa.

Paini ndiyo mbao ya kenchi na papi, yaani mbao za kubeba paa. Ni nyepesi, hupigiliwa misumari bila kupasuka sana, na hunywa dawa vizuri. Ukiona madoa ya buluu, huo ni ukungu unaokula utomvu tu. Haupunguzi sana nguvu ya ubao, lakini unakuambia kwamba mbao zilikaa mbichi zimebanana muda mrefu, nawe uzikague zaidi. Vifundo vyake, pale matawi yalipootea, hutoa ulimbo unaopenya kwenye rangi, basi vizibe kwanza kwa vanishi ya shelaki. Kosa kubwa liko kwa mwenye shamba. Mbao zinazotoka katikati ya paini, zile za miaka ya kwanza ya ukuaji wake, ni dhaifu na hujipinda kwa urefu zikikauka. Mti uliokatwa ukiwa na miaka minane karibu wote ni mbao za namna hiyo, na kenchi yake huja kuonekana juu ya paa, bati zikianza kupiga mawimbi.

Msaiprasi hauna ulimbo mwingi kama wa paini, kwa hiyo hupakika rangi vizuri, na una harufu nzuri. Adui wake ni vifundo. Usipopogolewa mapema hujaa matawi tangu chini hadi juu. Pogoa wakati shina lingali jembamba, unene wa sentimita 10 hivi, na kwa msimu wa ukavu. Mbao zote zitakazojengeka nje ya hapo zitakuwa safi. Ukingoja mpaka shina linenepe umechelewa, kwani kifundo kimeshazama ndani na hakuna randa itakayokitoa.

Mgrevilea hupandwa mipakani kwa ajili ya kivuli na kuni, na wengi hawajui kwamba ni mti mzuri wa samani. Ukipasuliwa gogo kuelekea kitovu, kama mtu anayekata keki, huonyesha madoadoa yanayong'aa kama hariri. Ni wa ndani tu, mchwa hauoni tabu kuula, na utomvu wake huwasha ngozi ya wengine.

Mkaratusi una nguvu, hilo halina ubishi. Kwa nguzo na mirunda hauna mpinzani kati ya miti ya kukua haraka. Kwa mbao ni mtihani. Shina lake hukua likiwa limejikaza ndani, na likikatwa mkazo huo hufunguka: vichwa vya gogo hupasuka kabla hata hujafika kwenye msumeno, na ubao hujipinda ukiwa bado unapasuliwa. Paka vichwa rangi nzito au nta mara tu baada ya kukata, pasua gogo mapema, na pasua ukibadilisha pande, huku kidogo na kule kidogo, ili mkazo ulingane. Kisha kausha kivulini polepole.

Na kukausha ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko uchaguzi wa mti. Mbao hazisinyai mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 30 hivi. Kuanzia hapo kila tone linalotoka huvuta nyuzi. Husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mduara wa miaka, ile miviringo ya ukuaji inayoonekana kichwani mwa gogo, kuliko kuelekea kitovu, na kwa urefu ni kama hakuna. Ndiyo sababu ubao hujikunja badala ya kupungua sawasawa. Samani za ndani zitake unyevu wa asilimia 12 au karibu na hapo.

Panga mbao juu ya magogo yaliyoinuliwa kutoka ardhini, weka fito za unene mmoja kati ya kila safu, na fito hizo zisimame mstari mmoja toka chini hadi juu. Fito ikikaa pembeni ya ile ya chini yake, ubao utakauka na mpindo huo na kubaki nao. Funika juu kwa bati, acha pande wazi upepo upite. Kwa mbao ngumu hesabu kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Paini ni miezi michache. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande mbali na kichwa cha ubao, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena. Kikiwa kilikuwa gramu 130 na sasa ni 100, maji yalikuwa asilimia 30, na mbao hizo hazijafika popote.

Unaponunua, kwangua ubao kwa kisu upande wa chini. Mbao za bei nafuu hupakwa rangi ya mninga zikauzwa kwa jina lake, lakini rangi hiyo haizami zaidi ya milimita moja au mbili. Inua ubao usikie uzito wake. Tazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi mwisho uone kama umenyooka, kisha tafuta vitundu: kitundu cha zamani kina giza ndani, chenye unga mweupe mpya maana yake mdudu bado yumo kazini.

Mbao za dawa nazo zina masharti yake. Dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, yenye rangi ya kijani, huingia kwenye weupe na haifiki vizuri kwenye kiini, kwa hiyo ukikata ubao au nguzo baada ya kutiwa dawa umefungua mlango katikati. Paka dawa tena kila ulipokata, na nguzo inayofukiwa ifukie upande ambao haukukatwa. Dawa za boroni zinatosha kwa mbao za ndani lakini mvua huziosha. Na vipande vinavyobaki vya mbao za kijani visiingie jikoni hata kidogo, wala majivu yake yasimwagwe bustanini, kwani aseniki iliyomo ni sumu na moto hauiondoi.